Mwandiko Ni Wangu, Mimi Sikuwepo

Tarehe 4 Februari

Mke mwenzangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila paa la jikoni linavuja pale pale lilipozibwa, na yule aliyeliziba tukikutana naye njiani anavuka upande wa pili. Mama yako mzima. Siku hizi ndiye mkuu wa jiko la shule, ana ufunguo wa stoo na kikohozi kipya cha kutangulia kila anapotaka kusema neno. Magoti yangu ni yale yale, usiniulizie.

Anayeniandikia ni fundi cherehani, kama siku zote. Alitaka kuanza na "kwa heshima na taadhima", nikamwambia huyu ni mjukuu wangu, si mkuu wa wilaya. Simu sitaki. Simu ni ya mama yako, na mama yako ana masikio. Yeye anadhani nakuja hapa kushonewa. Juzi kaniuliza mbona magauni yangu yanachanika kama ya mtu anayepigana.

Haya. Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata. Nimeipata mara mbili. Bahasha ya kwanza ilifika Jumatatu, tukaisoma, nikafurahi, fundi akaiweka kwenye kabati la vitambaa. Alhamisi ikaja nyingine. Alipoanza kusoma nikamkatiza, hiyo ulishanisomea. Akasema hapana bibi, hii ndiyo kwanza naifungua. Akazilaza mezani kama mbele na nyuma ya shati. Maneno yale yale. Umecheka mahali pale pale. Kuna neno umelikata ukaandika jingine juu yake, na kwenye barua ya pili neno hilo hilo umelikata vile vile.

Fundi anasema labda ulinakili, ili moja ikipotea nyingine ifike. Nikamwuliza, basi mbona ya kwanza ina sahihi yako chini na ya pili haina? Akatia uzi kwenye sindano.

Umelala lini mara ya mwisho? Kulala kwenyewe, si kusinzia umeegemea ukuta kama fagio. Nijibu hilo kwanza.

Bibi yako

*

Tarehe 27 Februari

Bibi,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia kuhusu mama na ufunguo wake. Mwambie, lakini usimwambie nimesema mimi. Msalimie fundi, na mwambie "kwa heshima na taadhima" naipenda.

Kuhusu hizo barua mbili, nimecheka hadi muuguzi akachungulia. Sikumbuki kuandika ya pili. Uchovu tu, Bibi, usikae ukiuwaza. Mafunzo haya ni ya mwaka mmoja, na kila daktari amepita hapa.

Wodi yetu ina vitanda thelathini na wagonjwa arobaini na mmoja. Tulianza madaktari wanafunzi wanne. Mmoja mgongo umemlaza, mwingine aliomba ruhusa ya msiba na hajarudi. Tumebaki wawili, na huyo mwenzangu simwoni. Akitoka naingia, nikitoka anaingia. Tunajuana kwa godoro: kila nikilala kwenye chumba cha mapumziko nalikuta bado lina joto.

Ngoja nikueleze jambo la kufurahisha. Kuna mzee ana maji kwenye mapafu. Jumapili nilifungua faili lake nikakuta dawa yake imepunguzwa nusu, na sababu imeandikwa kwa mistari mitatu safi: figo zimeanza kulemewa. Nikajisemea, nani huyu mwenye akili? Nikatazama mwandiko. Ulikuwa wangu. Niliandika saa tano asubuhi, wodi imejaa watu, na mimi siikumbuki ile asubuhi hata kidogo. Kwenye raundi daktari bingwa wetu aliusoma uamuzi ule mbele ya wote, akasema nina jicho.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta. Nimepata tisa. Dawa iliyobadilishwa, kipimo kilichoagizwa, dripu iliyopunguzwa kasi. Yote sawasawa. Wauguzi wanasema nilikuwa nazungumza vizuri, hata nilitania. Yule anayefanya kazi wakati mimi sipo ni daktari mzuri kuliko mimi, Bibi. Haogopi kitu.

Nalala. Si sana, lakini nalala.

Mjukuu wako

*

Tarehe 15 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu zako zimefika. Fundi ameringa siku mbili kwa sababu ya taadhima yake. Mama yako nimemwambia, akakohoa. Mvua imeanza, kwa hiyo jikoni tunapika tumevaa kofia.

Umesema jambo la kufurahisha. Mimi sikufurahi. Fundi aliposoma pale pa "yule anayefanya kazi wakati mimi sipo" nilimwambia arudie, akarudia, akaenda kufunga mlango wa duka ilhali ni mchana na ana wateja.

Mimi shule sikuiona hata dirishani. Lakini nimechoma matofali miaka kumi na minane, na tanuri halijali kama umesoma. Ukishaliwasha, moto unakaa siku nne, tano, na lazima awepo mtu wa kuuangalia, aamue lini aongeze kuni, lini apunguze, lini azibe milango ya moto kwa udongo. Ukiziba mapema, tofali mbichi. Ukichelewa, tofali zinayeyuka zinashikana kama maandazi kwenye sinia. Uamuzi ni wa yule aliyeshika mti wa kuchochea. Na sisi tulikuwa na sheria moja. Aliyeushika siku mbili ananyang'anywa. Haulizwi kama amechoka. Ukimwuliza atakwambia yuko sawa, na atakwambia kwa sauti nzuri kabisa. Ndiyo maana tulinyang'anya.

Sasa nani anakunyang'anya wewe? Huyo bingwa anayesema una jicho, jicho lake mwenyewe liko wapi?

Nenda kamwambie. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, tisa zote. Usimwambie kwa kucheka.

Kuna kilichotokea kwenye lile tanuri la mwisho, mwaka nilioacha kazi. Nimeanza kumwambia fundi aandike, nikamwambia akate. Kamwambie bingwa.

Bibi yako

*

Tarehe 30 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Natumaini magoti yametulia, na paa, na mama. Mimi mzima.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Itunze. Fundi akiisoma asimwambie mtu.

Sikumwambia bingwa. Nilikuwa nasubiri raundi ipite, halafu ijayo ipite.

Kitanda cha tisa kuna mama wa miaka arobaini na minane. Vidudu viliingia kwenye mfupa wa nyonga. Dawa yake ni sindano, mara tatu kwa siku kwa wiki sita, na haitakiwi kukatika. Dawa hupangwa kwenye trei kule stoo ya dawa, kwa orodha. Jumatano trei ilikuja bila sindano zake. Wauguzi walidhani daktari ameisitisha. Mimi nilidhani amechomwa. Yeye alidhani amepona, akawaambia majirani zake wa vitandani. Ijumaa homa ilipanda hadi arobaini, akaanza kumwita mtu ambaye hayupo.

Nikafungua faili. Ukurasa wa Jumanne ulikuwa na mwandiko wangu. Nimekutumia ili usidhani nimeota. Ukurasa unasema hapumui. Hana mapigo. Mboni za macho haziitiki mwanga. Saa ya kifo, nane na dakika ishirini mchana. Na sahihi. Nakala ilikwenda stoo pamoja na karatasi nyingine za siku hiyo, na kule mtu akifa jina linakatwa kwenye orodha. Walifanya kazi yao tu.

Nilikuwa nausoma, Bibi, na yeye ananiomba maji.

Hakuna aliyekufa Jumanne wodini kwetu. Nimekagua vitanda vyote. Kwa hiyo sikuchanganya mafaili. Niliandika juu yake.

Niliung'oa ukurasa kwenye faili, ndio huu niliokutumia. Kule stoo nikaomba kuiona nakala, nikatoka nayo mfukoni, nikaichoma. Nikaandika dawa upya, na pembeni nikaandika kwamba stoo walikosea kupanga trei. Homa imeshuka kidogo. Mtunza stoo ameitwa ajieleze. Ni mtu mzima, ana miaka ishirini na mbili pale, na kila siku ananisalimia "daktari wetu". Leo pia alinisalimia.

Siwezi kulala sasa hata nikipata nafasi. Naogopa nitakapoamka nitakuta nimeandika nini.

*

Tarehe 9 Mei

Mjukuu wangu,

Leo sina habari za paa.

Fundi alisoma karatasi ile kimya kimya kwanza, maana alidhani ni risiti. Kisha akanitazama, akauliza ni nani amefariki. Nikamwambia soma, nitajua mimi. Alipomaliza akanawa mikono. Sijamwuliza kwa nini.

Nisikilize. Sitakugombeza, utajigombeza vya kutosha bila mimi. Nitakwambia kile nilichokata mwezi wa tatu, na fundi hatakata hata nukta.

Tulikuwa wawili kwenye tanuri lile, mimi na mdogo wangu wa kufuatana. Wengine walikuwa wanaume wa kubeba kuni. Siku ya tatu niliona ukuta wa upande wa bondeni umetuna kama tumbo. Nikawaambia wote, pale asikae mtu. Niliweka hata matawi, mimi kwa mkono wangu. Mdogo wangu alitakiwa akae na moto siku ile, lakini alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya, hajalala, nikamwonea huruma. Nikasema nitaendelea mimi. Nilishaushika mti siku tatu. Sheria niliijua, nikaivunja kwa mapenzi.

Asubuhi ya nne kulikuwa na manyunyu na baridi. Mdogo wangu alilala kwenye mkeka kule mbali, chini ya turubai. Mtoto alikuwa kwa shangazi yake. Hiki ninachokwambia sasa nimeambiwa, mimi sikijui. Waliniona nimekwenda pale alipolala, nikaushika mkeka kwa ncha mbili, nikauburuta polepole asiamke. Nikayaondoa matawi. Nikaulaza mkeka chini ya ukuta ule, palipokuwa na joto. Nikamfunika shuka, nikaichomeka vizuri miguuni. Mbeba kuni mmoja aliniuliza, dada, si ulisema hapa pabaya? Nikamjibu kwa sauti nzuri, "Anasikia baridi." Akaona mwenye tanuri ndiye amesema, akaenda zake.

Mimi ninachokumbuka ni kishindo. Nilikuwa nimesimama upande wa pili, mti mkononi, nauchochea moto naimba. Nikakimbia kule kwenye turubai kumwamsha, nimwambie ukuta umeanguka. Sikumkuta. Nikawa nauliza watu, yuko wapi? Wote wakawa wananitazama mimi.

Waliniambia siku ya pili. Nilisema ni waongo. Baadaye tulisema ukuta ulimkuta amejilaza mwenyewe, na wote waliokuwepo wakakubali, kwa sababu walinipenda. Mpaka leo ndivyo inavyosemwa. Imesemwa ni kosa lake. Miaka hamsini na moja mdogo wangu anabeba kosa langu, mke mwenzangu, na hawezi kulitua.

Aliacha mtoto. Mtoto nilimchukua mimi. Usiniulize zaidi.

Karatasi yako inarudi kwenye bahasha hii. Kwenye kabati la fundi si mahali pake. Huyo mtunza stoo amesubiri siku chache tu, mimi najua mtu akisubiri sana inakuwaje. Ipeleke. Ukishampa bingwa, nenda kwa huyo mama wa kitanda cha tisa umwambie na yeye, maana kifo ni chake.

Bibi yako

*

Tarehe 11 Juni

Bibi,

Shikamoo. Naandika mchana, nimeamka saa nne asubuhi, jana nililala saa kumi na moja jioni. Dirisha langu linatazama ukuta wa kufulia nguo na nimegundua kuna mtu analima mchicha pale chini. Nimekaa humu miezi minane.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikaenda hivyo hivyo nilivyo. Bingwa alikuwa anakula mkate ofisini. Nikamwekea karatasi mbele, nikamwambia zile tisa, na hii, na mtunza stoo, na nakala niliyoichoma. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza leo ni siku gani. Nikasema Jumatano. Ilikuwa Ijumaa.

Akaniambia nikae. Akasema, "Kalamu yako." Nikampa. Akaiweka kwenye mfuko wake, na tangu siku hiyo sijagusa mgonjwa. Kisha akatoa orodha ya zamu ya miezi mitatu, akaona masaa yangu yalivyopangwa, na chini ya kila ukurasa sahihi ni yake. Akaandika barua kwa wakubwa palepale, akayataja yote, na sahihi zake pia. Hakuniambia pole. Alisema na yeye mwaka wake wa mafunzo una wiki kadhaa ambazo hajui zilikwenda wapi, na hajawahi kufungua mafaili ya wiki hizo.

Baraza litaamua mwezi wa nane kama nitarudia mwaka au nitaondoka kabisa. Mtunza stoo amesafishwa. Hanisalimii tena, na ni haki yake.

Mama wa kitanda cha tisa anapona, ila wameanza kuhesabu zile wiki sita upya. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, bila koti jeupe, nikamwambia. Alinitazama sana. Nilidhani atapiga kelele nikawa nazisubiri. Akauliza, "Kwa hiyo nilikufa saa ngapi?" Nikamwambia saa nane na dakika ishirini, Jumanne.

Akafikiri. Akasema siku ile alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana. Alisikia mtu amemshika mkono, mkono wa baridi, akaushika muda mrefu. Kisha akafunguliwa jicho moja, halafu la pili, taratibu. Akadhani anapimwa, akajilegeza asimsumbue daktari. Halafu nikavuta shuka, nikamfunika uso. Akadhani ni kwa sababu ya inzi. Aliniambia alisema asante, na mimi nikamjibu, "Pumzika, mama." Nilipoondoka akajifunua.

Alinishukuru, Bibi. Nilimsikia, nikamjibu, na bado sikubadilisha neno hata moja.

Umesema nisikuulize kuhusu mtoto, na siulizi. Ila nimehesabu. Mwaka huu mama anatimiza hamsini na moja.

Mjukuu wako

*

Tarehe 2 Julai

Mke mwenzangu,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo. Mchicha wa mtu usiuchume.

Ndiyo. Ni mama yako. Mimi ni dada wa mama yake, na kwako nilikuwa bibi kabla hujazaliwa na nitakuwa hivyo hivyo, hapo hapatikisiki.

Ulivyokwenda kwa yule mama wa watu, mgeni kabisa, ukakaa kwenye kiti na kumwambia, niliona haya. Mimi wa kwangu nalala naye nyumba moja. Basi Jumapili nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele. Nilianza na ukuta uliotuna nikaenda mpaka kwenye shuka. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu, kama mama yake aliamka nilipokuwa namburuta. Nikamwambia waliokuwepo walisema hakuamka. Akaendelea na mchele, ukaisha, akaanza kuuchambua ule ule upya.

Leo siku ya nne hajasema nami. Maji yangu ya kuoga bado ananichemshia. Ananiwekea mlangoni, anagonga mara moja, anaondoka.

Asubuhi ameniambia, "Leo nakwenda na wewe kwa fundi." Ndiyo sauti ya kwanza. Sasa amekaa pale kwenye kiti cha wateja, anasikia haya yote ninayoyasema, na fundi anaandika mistari inapanda mlima. Nimezoea kuongea lakini leo nimechoka, nimekaa macho usiku zote hizi namsikiliza ukutani kama analia. Nilitaka kukwambia kuhusu hilo baraza lako, kwamba wakikufukuza, uje nyumbani, na wakikurudisha mwaka, urudi ukiwa na mtu wa kukunyang'anya kalamu, umwambie mapema yeye ni nani na asikuulize kama

*

Mwanangu, kuanzia hapa naandika mimi, mama yako.

Bibi yako amesinzia hapo juu, katikati ya maneno. Fundi alisubiri amalizie, kisha akanitazama, akaweka kalamu chini na kusema anakwenda kununua vifungo. Duka limejaa vifungo.

Amekaa wima, macho yamefumba nusu. Mikono yake inafanya kazi. Imeanza kwa kuchota, sasa inapaka, kiganja kwa kiganja, inalainisha kitu kirefu mbele yake, kama anaziba ukuta kwa udongo, ambacho mimi sikioni. Ananung'unika wimbo. Nilimwita, akanijibu vizuri kabisa, akaniambia nisogee huku kwenye joto.

Bado sijui nina nini moyoni kuhusu yeye, sitakudanganya. Lakini nimesogeza kiti changu. Naandika kwa mkono mmoja, ndiyo maana unaona hivi, kwa kuwa huu mwingine umeshika mikono yake yote miwili. Ina nguvu, inataka kuondoka. Siiachii mpaka aamke mwenyewe.

Baraza likisema lolote, kwanza njoo ulale. Tutakuwa wawili wa kukuangalia, na tutapokezana.